Kaakaa la Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Sanduku la kliniki ya waraibu limefika saa tatu asubuhi. Sanamu sita za jasi, taya za juu, kila moja imeviringishwa gazeti kama yai. Hakuna majina. Namba tu, kwa penseli, upande wa chini. Ndivyo tunavyofanya kazi: daktari huona uso, mimi naona mdomo. Miaka thelathini na moja nimetengeneza meno bandia katika karakana hii nyuma ya kliniki ya meno, katika mji ambao si wangu, na sijawahi kuomba kumwona mwenye meno.

Namba moja, mbili, tatu — yale yale. Visiki, mashimo, ufizi uliosinyaa. Kwenye jasi kila kitu ni cheupe, hata uozo.

Namba nne niliipeleka dirishani. Kisha nikatafuta kiti.

Meno manne ya mbele hayapo. Magego yamebaki mawili. Lakini kaakaa lipo. Pale nyuma ya meno ya mbele kila mtu ana mikunjo ya nyama, kama mchanga maji yakishapita. Hakuna wawili wenye mikunjo sawa. Meno yataoza, sura itaharibika, mikunjo itabaki. La namba nne lina mkunjo wa tatu kulia uliogawanyika njia mbili, ukaungana tena mbele kidogo, kama watu waliokwepa shimo.

Mkunjo ule naujua.

Labda nimekosea. Macho ya miaka sabini na mbili haya.

Sijakosea.

Jumanne, 4 Machi

Nimelitoa boksi la viatu lililo juu ya kabati. Sanamu yake ya zamani imo bado, ndani ya pamba. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimpima mwenyewe ili nimtengenezee waya wa kulinyoosha jino la pili kushoto, lililoegemea ndani kama la mama yake. Aliuvaa wiki mbili. Akasema unamfanya azungumze kama bata, akautupa chooni. Mama yake akacheka mpaka akashika mbavu. Tukaliacha jino.

Nimeziweka sanamu mbili sambamba mezani. Mkunjo kwa mkunjo. Nimepima kwa bikari, kana kwamba kuna mahakama inayonisubiri.

Ni yeye. Binti yangu. Chiriku wangu.

Miaka miwili na miezi minne sikujua kama yu hai. Yu hai! Na amemfungulia mtu mdomo, akakubali upimwe.

Jioni Dereva alipita. Jirani yangu, tulikimbia vita ile ile kwa barabara mbili tofauti, na hadi leo tunabishana ipi ilikuwa mbaya zaidi. Nilimwuliza, kana kwamba nauliza tu, anawaonaje hawa watu wa methamfetamini.

— Mateja? Hao wamekwisha, mzee. Ukimwona teja umeona gofu. Nyumba ipo, mwenyewe kahama.

Nikamkumbusha vidonge vyake. Enzi za malori, siku mbili barabarani bila kufumba jicho.

— Aa, usinichanganyie mambo! Vile vilikuwa dawa. Vya dukani, mwenye koti jeupe anakupa mkononi na kukuambia pole kwa safari.

— Ni ukoo mmoja, nikamwambia. Ndugu wa tumbo moja.

— Basi sisi tulikuwa upande wa mke mkubwa.

Tulicheka. Alipoondoka nikajisikia vibaya kwa kicheko kile. Sikumwambia kuhusu namba nne. Dereva ndiye aliyenisaidia kubadilisha kitasa cha mlango, ile siku.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari ameingia karakana na kikombe chake cha chai. Mwanamke mwema, ana haraka, mikono yake haitetemeki. Amepata wazo. Wiki ya afya mashuleni inakuja. Anataka meza yenye sanamu za meno ya waraibu, zilizo wazi ili watoto wazishike. Kadi nyekundu juu: DAWA HII HULA MENO. Nimtolee nakala za zote sita.

Akazipitia kwa kidole. Akaisimamisha namba nne.

— Hii iwe katikati. Hii inatisha vizuri.

Nilijifanya napuliza vumbi la jasi.

Nikasema — sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine — kwamba dawa yenyewe hailali juu ya meno ikayatafuna. Hukausha mate. Mtu hakai akala, hunywa soda siku nzima, husaga meno bila kujua, hasahau njaa tu, husahau na mswaki. Na akienda kwa daktari wa meno, anaambiwa arudi akiwa safi. Yote hayo ndiyo yaliyokula mdomo huu. Kadi iseme hivyo.

Daktari akaniangalia kwa upendo wa kweli.

— Mzee wangu, watoto hawatishwi na mate kukauka.

Nilikuwa na jibu, ila lilikuwa mkononi mwake, ameligeuza juu chini anatazama namba.

Jumapili, 9 Machi

Sijatoka. Mvua.

Nitaandika hapa kile ambacho sijakiandika miaka yote miwili.

Nilikuwa nasoma sana wakati ule. Kila nilipogundua kitu kimepotea nyumbani, nilienda maktaba. Ndivyo nilivyo: wengine hulia, mimi hutafuta kitabu. Katika jarida moja nikakuta picha mbili za ubongo. Kushoto, wa mtu mwenye afya, umejaa nyekundu na manjano. Kulia, wa mtumiaji wa methamfetamini, bluu na nyeusi. Chini maneno machache ya kitaalamu. Niliikata ile picha kwa wembe wa karakana, kingo zimenyooka.

Kwa siku kadhaa niliibeba mfukoni. Ilinipa amani ya ajabu. Ilinieleza kwa nini binti yangu haniangalii, kwa nini anafumua redio na kuacha vipande sakafuni, kwa nini pete ya marehemu mama yake haipo. Si yeye! Ni ile bluu.

Kisha siku ya Jumamosi alirudi asubuhi, hajalala siku ngapi sijui, anazungumza bila kituo. Akasema baba nisikilize, nina jambo. Nami nikaitoa picha. Nikaiweka mezani mbele yake, nikaigonga kwa kidole pale kulia.

Nilisema: Tazama. Huyu ndiye wewe. Humo ndani hamna mtu tena wa kumsikiliza.

Akatazama. Muda mrefu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi alinyamaza kabisa. Akaikunja picha, akaitia mfukoni mwake, akatoka. Mchana Dereva akaja na kitasa kipya.

Sikumpiga. Sikumtukana. Nilimwonyesha sayansi. Baba wengine hutumia fimbo, nami kila siku nilijisifu kwamba sina fimbo nyumbani.

Na jambo alilotaka kuniambia silijui mpaka leo.

Nyongeza, kwa kuwa nimeanza. Kule kwetu, nikiwa mwanafunzi wa fundi, tulipewa kazi ya meno ya maofisa kabla ya gwaride. Meno arobaini, siku nne. Bwana mkubwa akatugawia kila mmoja kidonge cheupe, asubuhi na jioni, kutoka chupa ya hospitali ya jeshi. Jina sikumbuki na nisijifanye nakumbuka. Nakumbuka mikono yangu ilikuwa na akili kuliko mimi. Nakumbuka nilisaga meno mpaka taya likaniuma juma zima. Tulimaliza siku ya tatu. Nikapewa cheti: kijana mchapakazi. Mama yangu alikitia kwenye fremu.

Mwanangu alikuwa kwenye kiwanda cha kufungasha, zamu mbili mfululizo, alipoanza. Aliniambia tangu mwanzo: inanisaidia kusimama, baba. Hakuna aliyempa cheti.

Jumatatu, 10 Machi

Mtafiti amekuja na fomu. Kijana wa chuo kikuu, ndevu chache, anaendesha ule mpango wa kuwapa waraibu meno huku akiandika tasnifu yake. Huwa hatuzungumzi sana. Leo nilimfunga kwa chai.

Nikamwuliza kuhusu picha za ubongo. Nilimweleza ile ya jarida, rangi kwa rangi.

Alikuna kichwa. Akasema picha ya namna ile mara nyingi ni wastani wa watu wachache, si mtu mmoja. Rangi anachagua mwenye kuchora; bluu haina maana ya baridi, na nyeusi si tundu. Kilichopungua ni kitu kimoja kilichopimwa siku moja. Na wapo waliopimwa tena baada ya mwaka na zaidi bila kutumia — baadhi ya kilichopungua kilikuwa kimerudi. Si chote. Si kwa kila mtu.

— Lakini hizo za kurudi hazipendwi na magazeti, akasema. Hazina rangi nzuri.

Nikamwuliza, je, kuna picha inayoonyesha kama mtu yumo ndani au hayumo?

Alicheka. Akaona sicheki. Akasema, hapana, mzee. Kwa hilo inabidi umwulize mwenyewe.

Kabla hajaondoka alinipa karatasi za maelezo ya kila mgonjwa. Namba nne: amehudhuria wiki tisa, siku zote. Anatarajia kuanza kazi ya mapokezi mwezi ujao. Anazungumza kwa kuziba mdomo na kiganja. Na chini kabisa, kwenye mstari wa maombi, ambapo wenzake wote wameandika "meupe": Jino la pili kushoto liegemee kidogo ndani, kama lilivyokuwa.

Nimesoma mstari huo mara nyingi mno kwa mtu mwenye kazi sita mezani.

Jumatano, 12 Machi

Nimepanga meno ya namba nne kwenye nta. Asubuhi nzima kwa meno manne! Jino la pili kushoto nimeliegemeza bila kuangalia sanamu ya zamani. Mikono inajua.

Nakala za maonyesho nimetoa tano. Kwa namba nne nilitaka kumwambia Daktari imevunjika. Nilikwisha kuishika nyundo ndogo. Nikashindwa kuigonga. Kumvunja mara moja kunatosha.

Nilipotoka kwenda kumweleza, nikaliona bango ukutani mapokezini. Jipya, linanukia wino. KABLA NA BAADA. Baada: namba nne, imepigwa picha karibu, mwanga wa pembeni, kila shimo limepewa kivuli chake. Kabla: mdomo wa msichana anayecheka, meno thelathini na mawili kama punje za mahindi.

Huo wa kabla si wake. Si wa mtu yeyote tunayemjua, umetolewa mahali. Mwanangu hakuwahi kuwa na meno ya namna ile. Alikuwa na mazuri zaidi.

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri zamu alimvuta mwanawe mkono, akamwonyesha: unaona? Hao ndio wanaokatakata watu. Mtoto akauliza huyo mtu yuko wapi. Mama akasema, huyo siyo mtu tena.

Nikarudi karakana. Sikusema kitu. Nimezeeka, lakini leo nilikuwa mwoga, na uoga hauna umri.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema.

Daktari alikuwa ananawa mikono. Nikamwambia, lile bango libanduliwe. Akaanza: mzee, tulishaongea. Nikamwambia: mdomo ule ni wa mwanangu.

Bomba likaendelea kumwaga maji. Akalifunga. Akauliza nimejuaje na namba hazina majina. Nikamweleza kaakaa. Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa, chini ya taa. Sijawahi kumwona hapo.

Alisema mambo mawili matatu ya kuomba radhi, halafu akainuka, akaenda mapokezini, akalibandua mwenyewe kwa kucha. Kipande cha pembe kikabaki ukutani na gundi. Meza ya mashuleni itakuwa bila namba nne, na hizo tano haziendi mpaka wenyewe waulizwe. Yote hayo katika robo saa. Nilimpenda kwa hilo.

Kisha nikaharibu. Nikamwomba asimwambie binti yangu ni nani anayemtengenezea meno. Jumanne anakuja kuyajaribu yakiwa kwenye nta. Akijua, ataondoka. Ataacha meno, ataacha kliniki, wiki tisa zitamwagika. Ngoja avae kwanza. Ngoja aanze kazi. Halafu tutaona.

Daktari akaniangalia, safari hii bila upendo.

— Mzee, umenifuata hapa kwa sababu tumechukua mdomo wa mtu bila yeye kujua. Sasa unaniomba nini?

 

Lazima binti yangu awe ameambiwa kufikia Jumatatu, akasema. Nimwambie mimi, au amwambie yeye. Na akitaka fundi mwingine, atapewa fundi mwingine, na nta yangu itayeyushwa.

Yuko sahihi. Ndiyo maana inauma.

Jumapili, 16 Machi

Rasimu ya kwanza ya barua: kurasa tano. Ilieleza mate, wastani, rangi za picha, vidonge vya jeshi. Ilikuwa na tanbihi. Tanbihi! Nikaichana.

Rasimu ya pili ilianza na mama yake. Hiyo ni kumpiga mtu kwa maiti. Nikaichana.

Dereva alikuja, akaniona na vipande. Nikamwambia kila kitu.

— Kile kitasa, akasema. Mimi ndiye niliyekaza skrubu.

— Mimi ndiye niliyekuita.

— Angalau ungeniambia nisikaze sana.

Tulikaa. Mvua imekatika. Akaniuliza kama gofu linaweza kurudiwa na mwenyewe. Nikamwambia labda hakuhama. Labda sisi ndio tuliofunga mlango kwa nje, tukasema humu hamna mtu.

Rasimu ya tatu inaingia kwenye nusu ukurasa. Nainakili hapa, nisije nikajidanganya baadaye kuhusu nilichosema:

"Chiriku. Fundi anayetengeneza meno yako ni mimi. Nilikutambua kwa kaakaa, hakuna aliyeniambia. Sanamu yako ilipigwa picha, ikawekwa ukutani siku mbili, bila wewe kuulizwa, nilikawia kusema. Imeondolewa. Una haki ya kupewa fundi mwingine na kazi haitachelewa. Picha niliyokuonyesha siku ile haikusema nilichosema mimi. Maneno yale yalikuwa yangu peke yangu. Ulitaka kuniambia jambo, sikukusikiliza. Baba."

Neno "nisamehe" nimeliweka mara mbili na kulitoa mara mbili. Linamdai kitu. Yeye hana deni.

Jumatatu, 17 Machi

Mtafiti ameichukua saa mbili. Ameahidi kumpa mkononi. Mchana amepiga simu: binti yangu ameisoma. Amefanya nini? Ameikunja, ameitia mfukoni. Amesema nini? Hajasema.

Ameikunja, ameitia mfukoni. Nimekaa na hilo tu tangu mchana.

Jumanne, 18 Machi

Naandika hapa hapa karakana, nta inapata moto.

Amekuja. Saa tatu na dakika kumi. Sikutoka, sikualikwa. Kati yangu na chumba cha Daktari kuna mlango wa mbao na miaka miwili na miezi mitano. Nilisikia viatu. Nilisikia kiti kikiinuliwa. Daktari akamwuliza, kwa sauti ya juu kidogo, nadhani kwa ajili yangu, kama anataka kuendelea na kazi hii au aiagize kwa fundi mwingine.



Kisha sauti. Nzito kuliko zamani, imeziba, ya mtu anayezungumzia kiganjani:

— Nivalishe kwanza nione.

Daktari akamvalisha. Akampa kioo.

Kisha zoezi la kawaida. Wakati wa kujaribu meno tunamhesabisha mgonjwa, kwa sababu herufi fulani haziongopi. Sita. Sitini. Sitini na sita. Nikazisikia. Kila moja ikatoka na mluzi. Meno ya mbele yamekaa nje kwa nusu milimita, labda zaidi. Kosa langu, nililihangaikia lile jino la kando nikayasahau ya katikati.

Daktari akasema ni kidogo, watu huzoea.

— Nitakaa mapokezi, akasema. Nitasema sitini kutwa nzima. Sizoei.

Nikaziba mdomo wangu mwenyewe kwa kiganja. Ni yeye. Hata ugomvi wake ni ule ule.

Daktari akaja mlangoni, ameyashika meno kwenye kibakuli. Akafunga mlango nyuma yake. Akanong'ona: anasema fundi ayarekebishe, kisha aje asikie mwenyewe. Nikamwuliza amesemaje hasa. Daktari ni mwaminifu, hakupunguza wala hakuongeza.

— Amesema: "Mwambie fundi aje. Fundi. Sijamwita baba."

Nimewasha taa ya spiriti. Nta inalainika pembeni. Nimeyasogeza ya katikati ndani, nusu milimita, nikapima, nikasogeza tena kwa unywele. Kazi ya dakika nne. Nimetumia kumi na moja. Safari hii sina kidonge cha bwana mkubwa.

Upande wa pili anahesabu peke yake, bila meno, polepole, kama mtu anayejifunza. Sita. Sitini. Anakosea, anaanza upya. Hajaondoka.

Nta imepoa. Nimevaa koti la kazi, nimefunga vifungo vyote. Ataniuliza kama mluzi umeisha, nami nitajibu kama fundi. Nitasikiliza herufi tu. Akisema lolote zaidi ya namba —

Daktari anaita.